Rangi Isiyokauka

Sehemu ya Tisa

Mkono uliomkamata Remedios ulikuwa umevaa saa inayowaka namba.

Wewe uliyelala vibaya wiki nzima ukijiuliza mkono ule ni wa nani, hebu fikiri. Mwaka ni 1908. Mji wote wa Real de Ánimas unajua saa kwa kengele ya kanisa. Mwenye saa ile hakuzaliwa zama zile. Alitoka kule kule alikotoka Remedios, zaidi ya miaka mia moja mbele, kwa mlango ule ule uliofichika ndani ya shimo la kale la kuchimbia fedha.

Remedios aligeuka taratibu. Moyoni aliomba awe mtu mwingine yeyote.

"Umeamkaje, komadre?" alisema Ulises.

Ulises Barragán! Ulises aliyemshika Casilda, mwanawe Remedios, siku ya ubatizo, akamfuta maji usoni kwa leso yake mwenyewe! Katika milima ile, aliyekushikia mwanao kwenye maji ya ubatizo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Mnaitana kompadre na komadre hadi kaburini. Hamgombani. Hamtukanani. Hata mkiudhiana, mnameza.

"Kompadre," Remedios alisema. "Ni wewe? Siku zote hizi mwizi wa picha ni wewe?"

"Nipe hilo bati. Polepole, tafadhali. Rangi haijakauka."

Bati lilikuwa kubwa kama sinia dogo. Don Crispín mchoraji alikuwa amelimaliza alfajiri ile: kisima, kamba, na binti mdogo anayevutwa juu akiwa hai. Juu kabisa, ndani ya wingu, Mtoto Mtakatifu, Yesu akiwa mdogo, akinyoosha mkono. Chini, maneno ya shukrani na tarehe.

Ilikuwa picha ya nadhiri, kama zile zilizojaa ukuta wa kanisa lao. Mtu akiponea chupuchupu, humchorea Mtoto Mtakatifu kisa chake, akampelekea siku ya sikukuu. Remedios alizikarabati picha hizo tangu usichana wake. Alizijua kama wewe unavyowajua majirani zako.

Na alijua kitu ambacho mwizi naye alikijua. Picha ikiibwa kabla haijafika miguuni pa Mtoto Mtakatifu, nadhiri haijalipwa. Na nadhiri isiyolipwa, muujiza wake hurudi ulikotoka.

Binti wa kisimani aliitwa Tomasa. Tangu jana alikuwa amelala na homa isiyoeleweka, midomo imemgeuka rangi ya majivu. Tomasa akipona, angekua, angeolewa, angezaa; na katika uzao wake angetoka mume wa Remedios, na kwa mume huyo, Casilda.

Tomasa akifa leo, Casilda hatazaliwa.

Tena Casilda alikuwa ameshaanza kufutika. Kule kwao, kabla Remedios hajavuka mlango wa shimo, jirani aliokota kiatu chekundu uani akauliza, "Hiki cha mtoto wa nani?" Na huyo jirani ndiye aliyemfundisha Casilda kufunga kamba za viatu hivyo!

"Usiogope," Ulises alisema, kwa upole uliotisha kuliko matusi. "Wewe hutapotea. Wewe si damu ya Tomasa. Utarudi nyumbani, utapika, utakula, utalala. Hutatoa hata chozi, komadre. Hutajua wa kumlilia."

"Mwachie," alisema Don Crispín kutoka kwenye kona ya karakana yake.

Ulises alicheka kidogo. "Mzee, endelea na brashi zako."

"Ndizo hizo," alijibu Don Crispín, akammwagia machoni kopo zima la tapentaini ya kusafishia brashi.

Ulises alipiga ukelele. Remedios akachomoka mlangoni.

* * *

Barabara ilikuwa imefurika watu wa sikukuu. Fataki zilipasuka juu ya mapaa, moshi ukashuka kama ukungu. Wachimbaji walivaa mashati meupe ya mwaka mara moja. Mbele kabisa, juu ya mlima, kanisa lilikuwa limefungua mlango wake mmoja, mweusi kama kinywa.

Mwisho wa kupokea nadhiri ni kengele ya adhuhuri. Baada ya hapo Mtoto Mtakatifu hutolewa kwenda kuzungushwa mjini, na mlango hufungwa hadi mwakani.

Mama yake Tomasa ndiye aliyestahili kuipeleka. Lakini mama huyo alikuwa kitandani, mguu umevunjika kwenye ngazi ambayo mtu fulani aliilegeza. Sasa Remedios alijua ni nani. "Nenda wewe," mama yule alikuwa amemwambia asubuhi, hajui anazungumza na mke wa mjukuu wa mjukuu wake. "Sijui umetoka wapi, lakini unamtazama mwanangu kama wako."

"Mwizi!" Sauti ya Ulises ilipasua umati. "Mkamateni huyo mwenye mtandio wa bluu! Ameiba picha ya nadhiri!"

Mtume! Mwizi anamwita mwenye haki mwizi!

Vichwa viligeuka. Askari wa farasi akavuta hatamu. Mkono mmoja ulimshika Remedios sketi, mwingine bega. Angesema nini? Kwamba ametoka miaka mia mbele? Wangemfunga, na kesho wangemwitia kasisi amtoe pepo.

Basi akafanya jambo moja tu lililobaki.

Akapiga magoti.

Alilikumbatia bati kifuani, akainua sauti kama alivyowasikia wazee wa kwao: "Nimekuja kulipa! Mtoto Mtakatifu, nimekuja kulipa!"

Mikono ilimwachia kama iliyoungua.

Kuna jambo moja mjini pale ambalo hata mlevi halivunji. Anayepeleka nadhiri kwa magoti haguswi. Haulizwi jina wala kosa. Lakini yeye mwenyewe naye amejifunga: akinyanyua magoti kabla ya kufika madhabahuni, nadhiri imekufa.

"Ameiba, nasema!" Ulises alifika akihema, macho mekundu kama pilipili.

"Nimesikia," alisema askari wa farasi, akijifuta sharubu. "Akifika atasimama, sivyo? Hakuna anayeishi magotini. Akisimama, namfunga kamba."

"Mkamate sasa hivi!"

"Mbele ya mama yangu?" Askari aliashiria umati. "Una wazimu?"

Remedios alianza kusonga. Goti moja, goti jingine. Mawe ya barabara ile yalikuwa ya machimbo, yana makali. Hakufika mbali kabla sketi haijaloa.

Ulises akasukuma watu apenye. Mama mmoja mnene mwenye ndoo ya tamale, mikate ya mahindi ya mvuke, akamzibia njia kwa kiwiko. Alikuwa Doña Petronila, na mji mzima ulimwogopa kuliko askari.

"We kijana wa viatu vya kung'aa! Unataka kumkanyaga mwenye nadhiri?"

"Nipishe, mama. Nina neno naye."

"Ukiwa nani wake?"

Na hapo, kwa haraka yake, Ulises akateleza.

"Mimi ni kompadre wake!"

Doña Petronila aliweka ndoo chini, polepole, kama mtu anayejiandaa kula.

"Kompadre wake?"

"Ndiyo. Nimembatizia mtoto. Nipishe basi."

"Ni kompadre wake!" Doña Petronila aliutangazia umati. "Komadre wake anachunika magoti, yeye amejishikia kiuno anaita mwizi! Haya, tandika!"

"Nitandike nini?"

"Anauliza atandike nini! Jamani, huyu kompadre walimwokota wapi, mnadani?"

Watu walicheka, lakini walikuwa wameshamzunguka. Hapakuwa na upenyo.

Ulises aliijua desturi ile kwa masimulizi ya bibi yake tu. Zama zake watu walishaiacha. Mwenye nadhiri akiwa magotini, ni kompadre wake anayemtandikia nguo mbele, aikanyage kwa magoti, kisha kompadre aitoe nyuma na kuitandika tena mbele, akienda kinyumenyume, uso kwa uso naye, hadi madhabahuni. Akishaanza, haondoki.

Amejitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe.

Akavua koti. Akalitandika.

* * *

"Umenishika vizuri, komadre," alinong'ona Ulises, akivuta koti kutoka chini ya magoti ya Remedios na kulitupa mbele tena. "Lakini njia ni ndefu."

"Kwa nini, kompadre? Mungu anakuona. Kwa nini Casilda? Anakupenda yule mtoto! Kila Jumapili anakimbilia mlangoni akisikia gari lako."

"Kila Jumapili, ndiyo." Ulises hakumtazama. "Nakaa mezani pako. Ananiletea kikombe cha chokoleti. Anakishika kwa mikono miwili asikimwage. Na mimi nasema asante, mama. Asante."

Koti mbele. Goti. Goti.

"Unakumbuka siku ya bwawa?" aliuliza.

Remedios akalibana bati zaidi kifuani.

Nani asingekumbuka? Miaka miwili iliyopita, bwawa la juu ya mgodi, mandari ya familia mbili. Casilda aliteleza kwenye ukingo. Damián, mtoto pekee wa Ulises, alijitosa akiwa na nguo zake. Alimsukuma Casilda hadi wakamdaka.

Damián mwenyewe walimtoa jioni.

"Kama Casilda hakuzaliwa," Ulises alisema, "hakuteleza. Kama hakuteleza, mwanangu hakujitosa. Ni hilo tu. Sikuwahi kuuza picha hata moja, komadre. Zile zote za mwanzo nilikuwa najifunza."

Najifunza! Remedios aliwakumbuka wale ambao picha zao zilitoweka. Mjane ambaye kulipokucha hakuonekana tena. Fundi viatu ambaye duka lake liligeuka ukuta. Alikuwa akijifunza juu yao.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka miwili, kompadre! Ungekuja, ungenitukana, ungevunja vyombo!"

"Kompadre hatukani," Ulises alijibu. "Anameza."

Fataki ilipasuka karibu. Mtoto mmoja alilia. Kule juu, mlango wa kanisa ulionekana uko mbali zaidi kuliko mwanzo.

"Nikuulize kitu, komadre," alisema tena, laini, kama anayebembeleza. "Mwanao anaitwa nani?"

Remedios akafungua kinywa.

Hapakuwa na kitu.

Alimwona mtoto, ndiyo, kama unavyomwona mtu kwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Jina lilikuwa pale sasa hivi, alikuwa amelitamka mwenyewe. Alitafuta herufi ya kwanza. Alitia mkono shingoni kutafuta ile mbegu nyeusi ya uzi mwekundu, hirizi ya kukinga kijicho aliyomvisha mtoto siku alipotoka arobaini na ambayo sasa aliivaa yeye.

Uzi ulikuwepo. Mbegu haikuwepo.

"Hata mimi limeshanitoka," Ulises alisema. Machozi yalimtiririka, na haikuwa tapentaini tena. "Lakini Damián ni Damián. Miaka miwili, halijanitoka usiku wala mchana. Simama, komadre. Simama tu. Haitauma. Hata maumivu hayatakuwa na jina."

Msomaji mwenye mtoto, nakuuliza wewe. Magoti yanatoka damu, jua linachoma, na yule unayeteseka kwa ajili yake humkumbuki jina. Ni nini kitakachokuzuia usisimame?

Remedios mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba mikono yake imebana bati kifuani, na mikono haikutaka kuachia.

"Tandika, kompadre," alisema.

"Komadre..."

"Tandika!"

"Umesikia, wewe?" Doña Petronila alipiga kelele kwa nyuma. "Mwanamke kasema tandika! Au nikutandike wewe?"

Koti likaanguka mbele. Remedios akapanda juu yake, na goti lake likagota kitu kigumu ndani ya mfuko.

Bati!

Kutoka zama zile kurudi kwao kulihitaji picha yenye tarehe ya siku zao, na yake Ulises alikuwa amempokonya wiki iliyopita kwenye mlango wa shimo. Ndiyo hii! Ulises alikuwa akipangusa macho. Remedios aliinama kama anayelia, akachomoa lile bati, akalisukuma ndani ya mtandio.

Likamganda mkononi. Lilikuwa na unyevu.

Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Mlango wa kanisa ulikuwa magoti machache tu mbele yake, na kengele ilianza kulia.

* * *

Alivuka kizingiti kengele ikiwa bado inalia. Ndani kulikuwa giza na baridi, harufu ya nta na maua yaliyochoka. Wanaume wanne walikuwa wameshainama kuinyanyua sanamu ya Mtoto Mtakatifu.

"Ngojeni!" Remedios aliita. "Nimekuja kulipa!"

Wakasita. Mtunza kanisa, mzee mwembamba kama mshumaa, alinyoosha mikono yake.

Remedios akalibandua bati kifuani.

Watu wa mbele wakavuta pumzi kwa pamoja. Yeye akatazama chini.

Kisima kilikuwepo. Kamba ilikuwepo. Mtoto Mtakatifu winguni alikuwepo. Lakini uso wa binti haukuwepo. Ulikuwa umehamia wote kwenye blauzi yake, umegeuka doa la rangi ya ngozi juu ya moyo. Alimkumbatia mno.

"Hii siwezi kuipokea, mwanangu," mtunza kanisa alisema kwa huruma. "Nani ameokolewa hapa? Hana uso. Mtoto Mtakatifu atamjuaje?"

"Basi ndiyo hivyo," Ulises alinong'ona kando yake. "Nimejaribu kukwambia."

Lakini Remedios alikuwa fundi, na rangi bado ilikuwa mbichi.

Hakuomba brashi. Alikwangua lile doa kifuani kwa ukucha wa kidole cha shahada, akaegemeza bati gotini, akaanza. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Uso wa Tomasa aliuona jana tu, lakini haukuja. Ulikuja mwingine. Kidole kilikwenda chenyewe, kama mguu unavyoijua njia ya nyumbani gizani. Paji pana. Nyusi moja iliyopanda juu kidogo kuliko mwenzake, kama anayeuliza swali. Pengo la jino la mbele.

Pengo! Jino lile lilitoka kwenye kipande cha muhindi wa kuchoma. Mtoto alilia, kisha alicheka, kisha alitaka kujua kama jino linaumwa peke yake likiwa nje ya mdomo.

Kidole kikaweka nukta ya mwisho kwenye jicho.

"Casilda," alisema Remedios.

Kisha kwa sauti iliyojaa kanisa zima: "Casilda! Anaitwa Casilda!"

Mtunza kanisa alilipokea bati, akaliweka miguuni pa Mtoto Mtakatifu. Kengele ikapiga mara ya mwisho, ikanyamaza. Shingoni mwa Remedios kitu kidogo cha mviringo kiligonga mfupa wa kifua, kizito, kitamu. Mbegu.

Kutoka mlangoni msichana fulani aliingia mbio akipiga kelele kwamba Tomasa ameamka, na anataka atole, uji wa mahindi, wenye mdalasini.

Watu walipiga vigelegele. Doña Petronila alijipangusa macho kwa kitambaa cha tamale, akamgombeza mtu aliyemwona.

Remedios alilia palepale alipo. Hakusimama. Pembeni ya mlango aliona viatu vya askari wa farasi, vimesimama vinangoja, na kamba ikining'inia.

Lakini alikuwa na njia ya kurudi. Aliingiza mkono ndani ya mtandio, akalitoa lile bati la mfuko wa Ulises, akaligeuza kwenye mwanga wa mishumaa.

Halikuwa lake.

Lilikuwa na bwawa. Bwawa la juu ya mgodi, na majabali yake, na mti ule wa mpungate wenye miiba kwenye ukingo. Tarehe chini ilikuwa ya siku ile, siku ya mandari. Katikati ya maji, mwanamke amemnyanyua mtoto juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Blauzi ya mwanamke ilikuwa na doa la rangi ya ngozi juu ya moyo.

Remedios akatazama kifua chake.

Halafu aliona jambo baya zaidi. Ile michirizi mifupi ya maji, ile namna ya kuanza wingu kutokea kushoto. Fundi huujua mkono kabla hajausoma mchoro. Mkono ule ulikuwa wake.

Hakuwahi kuichora picha ile.

"Umelipata wapi hili?" aliuliza.

Ulises alikuwa amepiga magoti kando yake. Hapakuwa na hila tena usoni mwake. Alionekana mzee.

"Lilikuwa mkononi mwa Damián," alisema. "Walipomtoa. Alilishika kwa nguvu, ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Nilijua kazi yako tangu siku hiyo, komadre. Nikajua ulikuwepo mle majini. Nikajiuliza miaka miwili: ulikuwepo, ukamchagua nani?"

"Mimi nilikuwa ukingoni! Uliniona! Nilikuwa nimemshika mkeo!"

"Yule wa ukingoni, ndiyo." Alimeza mate. "Na huyu wa majini je?"

Remedios alisoma maandishi ya chini. Mwandiko wake. *Namshukuru Mtoto Mtakatifu kwa kumtoa majini akiwa hai...* Kisha nafasi tupu, pana ya kutosha jina moja.

Na mtoto aliyenyanyuliwa juu ya maji hakuwa na uso.

Aligusa pale pasipo na uso kwa ncha ya kidole. Kidole kikarudi na rangi. Miaka miwili, na bado mbichi.

"Haikauki," Ulises alinong'ona. "Nimeiweka juani. Nimeiweka jikoni. Inangoja. Leo nimeelewa inangoja nini. Nimekuona ukimrudisha mtu kwa ukucha." Alishika sketi ya Remedios yenye damu, kama mtoto anayeshika sketi ya mama. "Chora, komadre. Sijawahi kukuomba kitu. Chora uso wa mwanangu."

"Nitawachora wote wawili!"

"Tazama bati. Kuna nafasi ya mmoja, na huyo ndiye atakayetoka hai."

Mlangoni, askari alikohoa. "Mama, nadhiri imefika. Simama tuondoke."

Chini ya ukucha wa Remedios ilikuwa imebaki rangi kidogo tu, ile ya kifuani. Alikunja ngumi kuificha. Aliibana. Alimwita Mtoto Mtakatifu, akamwita Casilda, akamwita na Damián, aliyependa kula ukoko wa wali jikoni kwake.

Ngumi ikafunguka yenyewe.

Na kidole cha shahada, kabla hajakiruhusu, kikashuka juu ya bati na kuanza kuchora nyusi.